Akiba Isiyo ya Kenya Wala ya Tanganyika

Twaha alizikwa Alhamisi iliyopita, Magogoni ya Kisauni, nami nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu mtu wa umri wangu asipoonekana mazikoni watu hudhani naye kafa, si kwa sababu nilikuwa na chozi la kumpa. Wanawake tulikalishwa chumba cha mbele, mikekani, tukaletewa wali na mchuzi wa nyama, na kupitia dirishani tukasikia sauti ya mwanamume mmoja akisoma maisha ya marehemu kwenye kipaza sauti. Tuliambiwa alikuwa katika vijana wa kwanza wa pwani kuhesabu mali ya taifa. Tuliambiwa kwamba kabla ya uhuru alifanya kazi na mtaalamu wa Kizungu kulinganisha akiba ya Kenya na akiba ya Tanganyika, na kwamba alikuwa mtu wa siri, hajapata kutoa neno la mtu nje. Hapo nililirudisha tonge sahanini. Binti yake, mama wa makamo mwenye adabu zake, alikuja akanishika mkono, akaniamkia, akaniuliza kama ni kweli nilifanya kazi na babake ujanani, na alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa na mwandiko mzuri. Hilo ni kweli, na nimetafuta la pili tangu siku ile sijalipata. Basi kwa kuwa waliokuwa na haki ya kukasirika wamekwisha kufa wote, na waliostahili kukasirikiwa nao wamewafuata, acha niuseme mwaka ule mimi, niliyebaki, ambaye si msafi sana.

Ulikuwa mwaka wa mwisho kabla ya bendera kugeuka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, talaka moja, cheti kimoja cha shule, na chumba kimoja cha kupanga Likoni. Yaliyotangulia hayo hayahusu. Katika nyumba ya mawe iliyotazama bahari, upande walikokaa Wazungu, alikuwa amefikia bwana mmoja tuliyemwita Bwana Wastani, kwa kuwa kila alichoulizwa alijibu kwa wastani. Jina lake la kwao nalijua, ila sioni sababu ya kumtunzia. Alikuwa ametumwa na wakubwa waliokuwa wakifunga mizigo, ajibu swali moja kabla hawajaondoka: kati ya Kenya na Tanganyika, ni nchi gani yenye kuweka akiba zaidi, na tangu vita vya pili vya dunia viishe mambo yamekwendaje mwaka hadi mwaka. Chukua vyote nchi ilivyovuna na kuchuma kwa mwaka, alitufundisha, ondoa vyote ilivyokula, kinachobaki ndiyo akiba ya taifa. Ni hesabu ambayo kila mwanamke wa Likoni aliifanya kila jioni mbele ya chungu, lakini yeye aliisomea miaka mingi na kuvuka bahari mbili kuja kutueleza.

Ukutani mwa veranda yake palibandikwa karatasi kubwa yenye mistari miwili, mwekundu wa Kenya, wa buluu wa Tanganyika. Wa Kenya ulikuwa juu siku zote, ukipanda, kisha miaka ile ya mwisho ukaanza kuinama. Wa Tanganyika ulitambaa chini kama nyoka aliyeshiba. Bwana Wastani alisimama mbele ya karatasi ile asubuhi na kikombe chake cha chai, akitikisa kichwa kwa huruma, maana Tanganyika ilikuwa imekwisha pata uhuru wake na yeye aliona wamekabidhiwa bendera kabla hawajajua kuweka senti. Kuhusu kuinama kwa Kenya alisema ni ishara: Mwafrika anakaribia kutawala, basi akiba inashuka. Nilikuja kuelewa miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimesoma kidogo, kwamba sehemu kubwa ya mstari ule mwekundu haikuwa yetu kamwe. Ilikuwa faida za makampuni na mashamba makubwa, zilizobakishwa humu nchini, na wenyewe walipoogopa uhuru wakaacha kuzibakisha, wakazipeleka kwao. Wao ndio walioinamisha mstari, na sisi ndio tuliotikisiwa kichwa. Lakini wakati ule nilikuwa naogopa hata kusimama karibu na karatasi yenyewe. Saa sita mchana mpishi alimletea samaki wa kuchemsha na viazi visivyo na chumvi, akala peke yake akitazama mistari yake, na sisi makarani tukala mkate mkavu kwenye ngazi za nyuma, karibu na mapipa. Alituhesabia vipande vya mkate. Hilo nalo aliliita kuweka akiba.

Kazi niliipata kwa kuwa mwanamke. Alikuwa amewatuma makarani wanaume majumbani, wakaishia barazani, wakaambiwa baba hayupo, wakaandika kwamba baba hayupo. Ilimchukua miezi kadhaa kugundua kwamba nyumba ina uani, na kwamba uani kuna watu. Ndipo Twaha, aliyekuwa karani wake mkuu na mkalimani, kijana mtanashati wa suruali iliyopigwa pasi, akanitafuta. Tuliapishwa mbele ya Bwana kwamba yote tutakayoambiwa ni siri, tukatia sahihi. Fomu ilikuwa ndefu, na ilikuwa ileile iliyoulizwa Tanga na kwingineko Tanganyika, ili nchi mbili zipimwe kwa pishi moja. Pato la wiki, chakula, mafuta ya taa, nguo, halafu kisanduku cha akiba, na ndani yake nafasi nne: benki, posta, bima, hisa. Nilipolisoma neno hisa uani kwa watu, wanawake, waliokuwa hawajapata kulisikia, walidhani nimetukana. Nilikwenda mpaka Changamwe, kwenye nyumba za watu wa bara waliofanya kazi bandarini na kwenye reli, nikawakuta wamelala wanne chumba kimoja ili kila mwezi wapeleke kwao pesa ya ng'ombe, ya mabati, ya karo ya mdogo wao. Twaha aliniamuru niandike pesa hiyo chini ya matumizi. Ng'ombe aliye hai, anayezaa, akaandikwa kama mkate ulioliwa.

Chini kabisa ya fomu palikuwa na mistari mitupu ya maelezo mengine, na hiyo ndiyo iliyoniponza. Makarani wenzangu waliiruka. Mimi, kwa bidii ya mjinga, niliijaza. Niliandika minazi ya mtu, mabati aliyonunua moja moja na kuyaegemeza ukutani akingoja yatimie, upatu aliocheza na wenziwe, dhahabu aliyoiweka. Niliona nawatendea wema watu wangu. Nilidhani Bwana Wastani akijua tu, atafurahi kwamba ameambiwa.

Chumba changu nilikipanga kwa Bi. Mwanakombo, mke wa Hamisi, aliyekuwa akipakua mizigo bandarini. Bi. Mwanakombo alikuwa mwanamke mfupi, mnene, wa maneno machache, aliyeamka alfajiri kuchoma mahamri ya kuuza na adhuhuri akakaa kusuka makuti, nayo pia ya kuuza. Ukuta wa jikoni kwake ulikuwa mweusi kwa moshi na daima palinukia iliki. Alinilisha kama bintiye, mahamri na mbaazi za nazi kila asubuhi, na nilipotaka kulipa aliniambia kodi nimeshalipa, tumbo halikumo kwenye kodi. Zamu yake ya kuulizwa ilipofika alikuwa akisukuma unga. Alijibu yote bila kuinua uso, na nilipofika kwenye akiba akaenda akaufunga mlango wa uani, akarudi.

"Haya yataonwa na nani?" akaniuliza.

"Na Bwana peke yake, Bi. Mwanakombo. Ni siri. Tumeapa."

"Na Hamisi?"

"Hamisi hasomi Kiingereza," nikamwambia. Nakumbuka nilivyojipenda kwa jibu lile.

Akanieleza. Alikuwa akicheza upatu na wanawake tisa, na kila zamu yake ilipofika hakuleta pesa nyumbani, maana pesa ikilala nyumba moja na Hamisi haiamki. Alinunua bangili ya dhahabu kwa sonara, akampelekea dadake, Mwanaisha, aliyeolewa Tanga. Zilikuwa zimetimia sita. Zilikaa kabatini kwa dadake, ndani ya kopo la samli, chini ya sanda ambayo Mwanaisha alijiwekea mwenyewe, mahali ambapo hakuna mtu atakayependa kupekua. Zikifika nane angeziuza, akodi kiwanja Mtongwe kama ilivyo desturi yetu, nyumba ni yako, ardhi ni ya mwenye kiwanja, ajenge vyumba vinne, akae kimoja na apangishe vitatu. Hakuwa na mtoto. Aliniambia kwamba mwanamke asiye na mtoto huachwa siku ambayo yeye mwenyewe hataichagua, na siku hiyo alitaka awe na mlango wake. Niliyaandika yote: idadi, kopo, kabati, jina la dada, mtaa wa Tanga. Mwandiko wangu nao ulikuwa mzuri.

Fomu zote zilipitia kwa Twaha kabla ya kufika kwa Bwana. Ile aliisoma kwenye ngazi tukila mkate, akacheka, akaipeleka ndani. Mchana kutwa niliwasikia wakibishana verandani. Bangili hizi zimenunuliwa kwa pato la Kenya, lakini zimewekwa Tanganyika. Zikihesabiwa Kenya, na dada naye akiulizwa kule Tanga azitaje, zitahesabiwa mara mbili. Zikihesabiwa Tanganyika, itakuwa Tanganyika imepewa sifa isiyokuwa yake, na mstari wa buluu hauwezi kupanda kwa kopo la samli. Mwisho Bwana Wastani alisema mwuza mahamri hawezi kabisa kuweka sehemu kubwa hivyo ya pato lake, kwa hiyo anasema uongo, kwa hiyo hapana tatizo. Akapitisha kalamu nyekundu juu ya maelezo yangu, kona hadi kona, na pembeni akaandika kwamba hayaaminiki. Nchi mbili zikapona. Mimi nilivunjika moyo kidogo kwa ajili ya mwandiko wangu, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Twaha alikuwa na mazoea ya kunywa kahawa jioni kwenye baraza moja karibu na feri, na Hamisi naye alikuwa mtu wa baraza hilo. Baadaye nilipombana alikiri alichosema, na alikikiri bila aibu kama mtu anayesimulia alichokula. Walikuwa wakizungumza juu ya wake, Hamisi akalalamika kwamba mkewe hana mbele wala nyuma, na Twaha, ili watu wa kahawa wajue kwamba yeye ni mtu anayejua mambo, akamwambia mkewe ni tajiri kuliko baraza zima, ana dhahabu nchi ya pili. Hamisi hakubisha. Alimnunulia kahawa ya pili na ya tatu, akamwuliza polepole. Kwa hizo kahawa mbili Twaha alitoa mtaa, kabati na kopo. Nimewahi kusikia watu waliouza siri kwa cheo au kwa kuogopa kifungo, na nawaelewa. Huyu aliuza ya mwenziwe ili aonekane mjuzi mbele ya makuli watano.

Wiki ile Hamisi aliaga kwamba ana msiba Vanga. Akakaa siku tatu, akarudi amenyoa, na hakuzungumza habari ya marehemu. Bi. Mwanakombo alimpikia na kumpa pole. Siku ya nne asubuhi, nami nipo jikoni na kikombe changu, tulisikia hodi ya mwanamke mlangoni, na akaingia Mwanaisha wa Tanga, vumbi la basi mpaka kwenye nyusi, kapu mkononi, na ndani ya kapu kuku hai na chupa mbili za dawa. Alisimama akimtazama dadake aliyeshika upawa juu ya karai, jasho likimtiririka, mzima kabisa.

"Umetoka kitandani?" Mwanaisha akauliza.

"Kitanda kipi?"

"Hamisi alikuja. Kasema u mahututi, wataka kupasuliwa hospitali, zauzwa zile bangili. Kazitaja sita. Kalitaja kopo." Sauti yake ilianza kupungua kabla hajamaliza. "Nimempa, dada. Nimekuja kukuuguza."

Bi. Mwanakombo alilitoa hamri lililokuwa likiungua, akaliweka kando, akauondoa moto chini ya karai ukuni mmoja mmoja. Halafu akanitazama. Hakumtazama dadake, alinitazama mimi, kwa sababu maneno yale alikuwa ameyasema mara moja tu maishani mwake, na alijua ameyasema kwa nani. Nilikiweka kikombe changu chini.

Hamisi alioa mke wa pili Kisauni kabla ya mwezi kuandama. Wala hakuficha. Alisema bangili alizinunua yeye, akampa mke amwekee, na sasa amezichukua. Bi. Mwanakombo alivuka feri akaenda kwa kadhi, maana dini yetu haina shaka juu ya hili, mali ya mke ni ya mke. Lakini anayedai huleta ushahidi, na anayekana huapa. Hamisi alikuwa tayari kuapa hata kwa lugha asiyoijua. Sonara aliyemwuzia Bi. Mwanakombo alikuwa amekwisha funga duka na kurejea kwao India, wale wa upatu waliogopa waume zao, na shahidi akabaki Mwanaisha peke yake. Hakutosha. Kadhi akampa Bi. Mwanakombo muda wa kutafuta kithibitisho kingine.

Kingine kilikuwapo, kilikuwa kwenye kabati la veranda, kimeandikwa kwa wino kabla ya safari ya Hamisi. Nilikwenda kwa Bwana Wastani nikamweleza yote, nikiwa nimesimama, nikamwomba fomu ile, au nakala yake, au ruhusa nikaseme mwenyewe mbele ya kadhi nilichoambiwa. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayesikiliza mvua. Kisha akanieleza, Twaha akifasiri ingawa Kiingereza nilikijua, kwamba nimeapa, kwamba siri ya mwenye kuulizwa ni kitu kitakatifu katika elimu yake, na kwamba nikifungua mdomo nitapoteza kazi na pengine nitashtakiwa. Nikamwambia mwenye siri ndiye anayetaka itolewe. Akasema hiyo haijaandikwa. Nikamwambia siri ilishatolewa, na aliyeitoa ndiye huyu anayenifasiria. Twaha hakulifasiri hilo. Nikalirudia mwenyewe kwa Kiingereza, na Bwana Wastani akamwangalia Twaha, akaangalia rundo la fomu ambazo Twaha peke yake aliweza kuzipanga, akasema mazungumzo ya kahawa hayamo katika kazi yake.

Ningeweza kuichukua fomu ile. Ufunguo wa kabati ulining'inia kwenye msumari, na mchana Bwana alilala. Nimejidanganya miaka mingi kwamba niliogopa jela. Nilichoogopa ni kupoteza mshahara, na chumba, na kuitwa karani na watu barabarani. Siku aliyorudi Bi. Mwanakombo kwa kadhi sikwenda. Nilikaa Magogoni kutwa nzima nikiwauliza watu mafuta yao ya taa. Hamisi akaapa, kesi ikaisha. Twaha alipanda cheo, akaenda Nairobi baada ya uhuru, akawahesabia wakubwa wapya vilevile alivyowahesabia wa zamani, na ripoti ya Bwana Wastani ilitoka na jalada gumu, ikasema Mwafrika wa pwani hana desturi ya kuweka akiba, na kwamba katika hili Kenya na Tanganyika, zikiondolewa fedha za wageni, ni sawa. Hilo la mwisho huenda lilikuwa kweli, ila si kwa namna aliyodhani. Mwanaisha alikufa Tanga. Bi. Mwanakombo alijenga. Aliachwa kama alivyotabiri, akaanza upya na wanawake wengine, kwa makuti na unga, na ilimchukua muda mrefu sana, na vyumba vilikuwa viwili badala ya vinne. Nilivisikia tu. Hakunialika kuviona, nami sikuwa na uso wa kwenda.

Lakini kabla ya hayo palikuwa na duru ya pili. Bwana Wastani alitaka nyumba zilezile ziulizwe tena, ili aone mabadiliko kwa wakati. Nilikuwa nimehama kwa Bi. Mwanakombo, sikufukuzwa, ila asubuhi moja niliona sahani yangu haikuwekwa, na nikaelewa. Nilipiga hodi kwake na fomu mpya. Alinikaribisha kwa heshima zote, akanitolea kiti, akaniita Bi. Karani. Hakuwa amewahi kuniita hivyo. Nilisoma maswali, akayajibu mbiombio, pato, chakula, mafuta ya taa, huku akisuka kuti. Nikafika kwenye akiba nikaiweka kalamu chini. Nikaanza kumwomba radhi, nikasema sikujua, nikasema Twaha, nikasema Bwana.

"Andika hana," akasema.

"Bi. Mwanakombo—"

"Benki hana. Posta hana. Dhahabu hana. Wauliza, nakujibu. Andika."

Nikaandika. Alisubiri mpaka nikamaliza, akaniuliza kama limeandikwa vizuri, nikamwambia ndiyo, akarudi kwenye kuti lake. Hapakuwa na maji wala kahawa, nikainuka nikaaga.

Kesho yake Bwana Wastani aliichukua fomu ile kwa mkono wake mwenyewe, labda kwa kukumbuka jina. Aliisoma mpaka chini, kwenye mistari ya maelezo ambayo safari hii niliiacha mitupu, akaridhika, akaweka alama ya vyema. Kisha akanigeukia na kunisemesha kwa kile Kiswahili chake cha jikoni, jambo alilolifanya alipotaka kumfurahisha mtu.

"Hii sasa iko kweli kabisa," akaniambia. "Wewe najifunza kazi."

Nami nikamwambia ahsante.